Barua ya wazi kwa kamati za amani: mazungumzo yaanzie machinjioni

Kwa kamati za amani za viongozi wa dini, mikoani na wilayani, Tanzania

Machinjio ya mji wa kawaida nchini Tanzania huamka kabla ya mji wenyewe. Ng'ombe hufungwa kamba miguuni, huangushwa ubavu, kichwa kikaelekezwa kibla. Mchinjaji hutamka bismillahi, hupitisha kisu, hujisogeza pembeni damu isimrukie, kisha huenda kwa anayefuata. Nyuma yake huingia wachunaji, wapasuaji, wasafisha utumbo, mkaguzi wa nyama na mhuri wake, na vijana wa bodaboda wanaosubiri kupeleka mizigo mabuchani. Katika kundi lote hilo ni mtu mmoja tu anayeulizwa dini yake, naye ni mwenye kisu. Waliobaki ni Waislamu, Wakristo na wasiosali popote, na nyama ikishaning'inia kwenye ndoano ya bucha hakuna mteja anayeuliza nani aliichuna.

Utaratibu huo ni desturi zaidi kuliko sheria. Ulidumu miaka mingi kwa sababu ulimfaa kila mtu kwa njia yake: Mwislamu alikula bila shaka moyoni, Mkristo alikula bila kuulizwa neno, na mwenye bucha aliuza kwa wote. Mwanzoni mwa mwaka 2013 ulitikisika. Katika Kanda ya Ziwa baadhi ya Wakristo walidai nao wana haki ya kuchinja kwa ajili ya walaji, na yakafunguliwa mabucha ya Wakristo peke yao. Tarehe 11 Februari mwaka huo, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nyama uligeuka mapigano ya mapanga na mchungaji mmoja akauawa. Mikutano ya viongozi wa dini na serikali juu ya uchinjaji ilishika kasi baada ya hapo, yaani baada ya maziko.

Mpangilio huo wa mambo, damu kwanza na kikao baadaye, ndio unaofanya barua hii ielekezwe kwa kamati za amani na si kwa polisi. Kamati zina mashekhe, maaskofu, wachungaji na makadhi wanaojua maandiko. Suala la kisu ni la maandiko kwa sehemu kubwa, na lingeweza kufunguliwa mezani miaka kadhaa kabla ya Buseresere. Aya ya 5 ya Surat al-Maida inahalalisha kwa Waislamu chakula cha waliopewa Kitabu. Wanazuoni wameieleza aya hiyo kwa namna tofauti: wapo wanaoona inatosha mchinjaji akiwa Mkristo au Myahudi, na wapo wanaoshikilia masharti mengine, likiwamo la jina gani limetajwa juu ya mnyama. Upande wa pili, Barua ya Kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, katika sura ya 8 na ya 10, inazungumzia nyama iliyotolewa kwa sanamu na jinsi mlaji anavyopaswa kujali dhamiri ya mwenzake aliye dhaifu. Wapo Wakristo wanaozitumia sura hizo kukataa nyama ya kisu cha Mwislamu, na wapo wanaozitumia hizohizo kuila kwa amani.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba pande hizi mbili zina katazo moja. Baraza la mitume kule Yerusalemu, katika sura ya 15 ya Matendo, liliwataka waumini wasio Wayahudi wajiepushe na damu na vilivyonyongwa. Aya ya 3 ya Surat al-Maida inaharamisha damu na mnyama aliyekufa kwa kunyongwa. Mchinjaji anayemwaga damu yote chini ametimiza mambo yote mawili kwa kisu kimoja. Shekhe na mchungaji wakikaa saa moja juu ya hilo, mbele ya wachinjaji na wenye mabucha wenyewe, watakuwa wamefanya kazi kubwa kuliko tamko la kurasa tatu. Na bado watakuwa hawajamaliza, kwa sababu sehemu ya ugomvi wa mwaka 2013 haikuwa ya maandiko hata kidogo. Ilikuwa ya ujira wa kuchinja, ya nani ana kazi pale asubuhi na nani hana, na ya hisia kwamba upande mmoja unaamua na mwingine unapokea. Mambo ya namna hiyo hayatibiwi kwa aya. Yanatibiwa kwa kuyataja.

Kazi ya kamati kwa sasa inajulikana. Likitokea jambo, mkuu wa mkoa au wa wilaya huita kikao. Viti hupangwa, kanzu upande mmoja na kola za kipadri upande mwingine. Sala mbili husomwa, tamko hutolewa la kulaani na kuwaasa waumini, na picha ya pamoja hupigwa. Si haki kuudharau utaratibu huo. Tamko lililotoka mapema, likasomwa msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, limewahi kuzima moto ambao askari wangeuchochea. Lakini tamko ni maji ya kuzimia moto, na mji unahitaji pia mtu wa kuangalia nyaya.

Oktoba 2012 kule Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya msahafu, mmoja akaukojolea. Habari ikatoka kwa watoto ikafika kwa wazazi, kutoka kwa wazazi ikafika mtaani, umati ukaenda kituo cha polisi kumtaka mtoto, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa. Kati ya watoto wale na makanisa yale kulikuwa na muda na nyumba kadhaa. Katika nyumba hizo alihitajika imamu anayemfahamu mchungaji wa jirani kwa jina na kwa namba ya simu. Kamati ya mkoa, hata iwe nzuri kiasi gani, ipo mbali na nyumba hizo. Ya kata ingekuwa karibu zaidi, na ya mtaa karibu zaidi ya hiyo.

Mazungumzo baina ya dini si jambo jipya lililoletwa na semina. Mjini Unguja, katika miaka ya 1860, Edward Steere wa misheni ya Kianglikana, aliyekuja baadaye kuwa askofu, alikuwa akikusanya maneno ya Kiswahili na kutafuta wa kumsaidia kufasiri Biblia. Sheikh Abdulaziz al-Amawy, mwanachuoni aliyetoka Barawa na kuwa kadhi Unguja, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora. Kazi haikufika mbali, kwa sababu mbili alizozieleza Steere mwenyewe: shekhe alikuwa na shughuli nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa matumizi ya misheni. Kisa hiki kina uzito wake. Kadhi hakuona kwamba imani yake inapungua kwa kumfasiria padri Zaburi, kitabu ambacho Waislamu nao wanakiamini kuwa kiliteremshwa kwa Daudi. Wala hakubadili dini, wala hakumbadili Steere. Alijulikana pia kwa kujibizana na wamisionari bila kuoneana haya.

Kilichofuata kina funzo la upande wa pili. Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyofanywa na Godfrey Dale, padri wa misheni hiyohiyo, ikiwa na maelezo juu ya aya. Waislamu hawakuipokea, na haikuwa ajabu: mtu aliyefafanuliwa kitabu chake na asiyekiamini huona amevuliwa nguo hadharani. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyokamilika kuchapwa mwaka 1969, ndiyo iliyokuja kushika nafasi katika nyumba za Waswahili. Tofauti ya Steere na al-Amawy kwa upande mmoja, na kazi ya Dale kwa upande mwingine, ndiyo tofauti ya kuuliza na kueleza. Kikao chochote cha dini mbili kina nafasi ya kuanza kwa kuuliza.

Mihadhara ya miaka ya 1980 ilichukua njia ya kueleza, tena kwa kipaza sauti. Wahubiri wa Kiislamu wa mlingano wa dini, maarufu kati yao wakiwa Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba, walisimama viwanjani na Biblia mkononi kuonyesha kwamba kitabu hicho chenyewe kinaunga mkono Uislamu. Wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa kuifungua Kurani kwa namna hiyohiyo. Kaseti zilizunguka kwenye mabasi na vijiwe vya kahawa. Wasikilizaji walijifunza mengi, hilo lisikataliwe. Wapo Waislamu waliosoma Injili kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mihadhara, na Wakristo waliojua hapo kwamba Mariamu ana sura yake katika Kurani. Lakini mfumo wake ulikuwa wa mpira wa miguu: lazima mmoja afungwe, na mashabiki wa aliyefungwa warudi nyumbani wakiwa na donge. Malalamiko ya kukashifiana dini yalifika polisi na mahakamani, na Februari 1998 mgogoro uliohusu mahubiri katika msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, uliishia kwa risasi za polisi na vifo. Jeraha la Mwembechai bado linatajwa na Waislamu wengi kwa uchungu ambao Wakristo wengi hawaujui hata kidogo. Kamati ambayo haijawahi kulisikiliza jeraha hilo likielezwa na upande ulioumia, au kusikiliza jinsi Wakristo wa Mbagala walivyoyakuta makanisa yao asubuhi ile ya pili, haijaanza kuzungumza; imeanza kusalimiana.

Lugha yenyewe ni neema na mtego. Mkristo na Mwislamu wa Tanzania wanasali kwa maneno yaleyale: dini, imani, ibada, sadaka, toba, dhambi, malaika, nabii, baraka. Hakuna haja ya mkalimani, jambo ambalo nchi nyingi zenye dini mbili haziwezi kujivunia. Lakini neno moja hubeba mizigo miwili. Mtume, kwa sikio la Mwislamu, ni Muhammad. Kwa Mkristo ni Petro au Paulo. Na siku hizi limeandikwa kwenye mabango makubwa ya barabarani kando ya picha ya mhubiri aliyevaa suti. Mwislamu anayepita chini ya bango hilo hasemi kitu, ila amesikia. Sadaka ya Mwislamu ni kumpa mwenye haja, ya Mkristo mara nyingi ni ile inayopita kwenye kikapu kanisani. Kufunga kwa mmoja ni kutokunywa hata maji toka alfajiri hadi magharibi, kwa mwingine huenda ni kuacha nyama au kula mlo mmoja. Kikao kimoja cha kuulizana maana ya maneno kumi kingekuwa kitamu, na hakingehitaji mfadhili.

Mahali palipofanya kazi kubwa kuliko kamati yoyote palikuwa bweni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka chini ya serikali shule zilizokuwa za mashirika ya dini, na vijana wa pande zote wakajikuta kwenye vitanda vya deka vilivyobanana, wakiamshwa kwa kengele moja kwenda mchakamchaka. Ijumaa adhuhuri baadhi walitoka kwenda kuswali, Jumapili wengine walitoka kwenda ibada. Vyama vya wanafunzi wa Kikristo, UKWATA na TYCS, vilikuwa na mikutano yao, wanafunzi wa Kiislamu wakawa na jumuiya zao. Mwezi wa Ramadhani jikoni pali­bakishwa dishi la waliofunga, na kiranja wa chakula, mara nyingi Mkristo, ndiye aliyehakikisha halikombwi na wenye njaa ya usiku. Watu waliopita humo hawakuhudhuria semina ya kuvumiliana. Walijua tu kwamba jirani yao wa kitanda cha juu anaamka usiku kula daku na kwamba hapendi maji yake ya udhu yachezewe.

Uamuzi wa 1969 uliacha manung'uniko pande zote na haina maana kuupamba. Ila tangu shule binafsi zirudi kwa wingi, mtoto wa Mkristo anaweza kuanza chekechea ya kanisa, akaenda seminari na kumalizia chuo kikuu cha kanisa, na mtoto wa Mwislamu vivyo hivyo kwa upande wake, bila hata mmoja kuwahi kugombea ndoo ya maji na mwenye dini nyingine. Shule hizo zina haki ya kuwapo na nyingi zinafundisha vizuri. Kilichopungua ni yale mazoea ya kuishi pamoja yaliyokuja bure, na yaliyokuja bure yakipungua lazima yatafutwe kwa makusudi. Mabonanza ya michezo baina ya shule za pande mbili, kwaya kualikwa kwenye mahafali ya madrasa na kaswida kualikwa kwenye mahafali ya seminari, kambi za likizo za kupanda miti au kusafisha zahanati: hayo ni mambo ya nauli ya basi na mchele, na kamati ina uwezo wa kuyaombea vibali.

Palipobaki na mchanganyiko wa kweli ni msibani. Mkristo akifa katika mtaa wa Kiswahili, turubai hufungwa na vijana wa mtaa bila kuulizana. Wanawake huleta masufuria, miko na ndoo, kila chombo kimetiwa alama ya rangi au uzi ili kirudi kwa mwenyewe. Pale jikoni nyuma ya nyumba kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Mbuzi au ng'ombe wa msiba huchinjwa na Mwislamu. Kama familia ina desturi ya pombe, haipikwi wala haihifadhiwi karibu na masufuria ya chakula cha wote. Misa ikianza, Waislamu waliokuja hukaa nje ya kanisa au nyuma kabisa. Hakuna anayewauliza kwa nini hawapigi magoti. Makaburini wanashika chepe kama wengine, wanatupa udongo, wanarudi kunawa. Akifa Mwislamu mambo hugeuka. Mazishi ni ya haraka, mara nyingi siku hiyohiyo. Jirani Mkristo akichelewa kazini anakuta watu wamesharudi. Jeneza hupokezanwa begani, na bega la Mkristo hupokea kama la mwingine. Ikifika kumswalia maiti, wasio Waislamu hurudi nyuma hatua chache na kusimama kimya. Siku ya hitima wanaitwa, wanakaa kwenye mkeka, wanakula pilau, na hakuna aliyewatazama mikono yao ilipokuwa imetulia wakati wa dua.

Katika yote hayo kila mtu amebaki na dini yake nzima. Hakuna aliyeombwa kusema kwamba dini zote ni sawa, kauli ambayo waumini wa pande zote mbili huipokea kwa mashaka, na kwa haki. Kinachoombwa msibani ni kidogo na kigumu zaidi: kujua mpaka wa mwenzako uko wapi na kusimama hapo bila kuonyesha kwamba umesimama. Kamati zikitaka mfano wa mazungumzo yaliyofanikiwa, zitume mtu mmoja akakae na wanawake wale jikoni saa mbili na kuwauliza jinsi wanavyoamua. Huyo aliyetumwa pengine ataporwa kalamu na kupewa vitunguu amenye, na hilo pia ni sehemu ya jibu.

Hapo panajitokeza kasoro ya kamati ambayo hutajwa kwa kunong'ona. Wanaoshika masufuria hawana kiti. Mara nyingi safu ya mbele ni ya wanaume wenye umri, tena wa taasisi zilezile: Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA), Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki. Taasisi hizo zina uzito wake. Lakini yapo makundi ya Kiislamu yasiyojiona chini ya BAKWATA, na Baraza Kuu la Jumuiya na Taasisi za Kiislamu liliundwa mwaka 1992 kwa sababu hiyo. Yapo makanisa mengi ya kipentekoste yasiyo katika umoja wowote, yenye waumini wengi kila Jumapili. Wanaokaa mezani ni wale ambao tayari wanaelewana. Wanaohubiri vikali wako nje, na hawasikii kwa sababu hawakuitwa. Wahindu, Masingasinga, Waismailia na Wabahai hukumbukwa siku ya picha. Wenye dini za jadi hawakumbukwi hata siku hiyo, ingawa katika vijiji vingi mzee wa matambiko ndiye anayeitwa mvua ikikawia, na wanaomwita wana majina ya ubatizo na ya Kiislamu.

Hoja ya nani ni wengi haifai kuingizwa katika ugawaji wa viti. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza dini ya mtu, na kila kundi linalodai kuwa na asilimia fulani tangu hapo limekadiria kwa namna yake.

Matukio ya pamoja nayo yana aina mbili. Ipo futari ya ukumbini, iliyoandaliwa na mwanasiasa au kampuni, ambapo askofu huketi meza kuu, tende huliwa mbele ya kamera, hotuba husomwa, na watu huagana kabla ya chai kupoa. Haina ubaya, ila haina mazungumzo. Na ipo futari ya kibarazani, ambapo Mkristo amepika uji wa pilipili manga na magimbi kwa ajili ya majirani waliofunga, na anauliza kama wanakunywa maji kwanza au wanakula tende kwanza. Kalenda imekuwa ikisaidia. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, na mwaka 2026 mifungo yote miwili ilianza karibu kwa pamoja katikati ya Februari. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka wa kawaida, hivyo nafasi ya Ramadhani na Kwaresima kukutana hivyo haitadumu. Baada ya miaka michache Ramadhani itakuwa imepita mbele ya Kwaresima na kuiacha. Kamati inayotaka mada ya kufunga, wakati wote wamefunga, isisubiri bajeti ya mwaka ujao.

Mambo mengine yanahitaji maneno machache tu. Kipaza sauti ni jambo moja: kanisa lenye mkesha wa Ijumaa hadi saa kumi alfajiri, kisha adhana, na katikati mgonjwa, mtoto mchanga na mlinzi aliyetoka zamu. Zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, lakini imamu na mchungaji wakikubaliana wenyewe kugeuza spika zielekee ndani, mkaguzi wa mazingira hatakuwa na kazi. Ndoa mchanganyiko ni jingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatoa nafasi ya ndoa ya kiserikali, na bomani wamefungishwa watu wengi ambao misikiti na makanisa hayakuwa na pa kuwaweka. Watoto wao wanaitwa Amina Joseph na Petro Juma, nao ndio wanaoulizwa shuleni waende kipindi gani cha dini. Kisha linakuja suala la maiti: mtu aliyebadili dini miaka mingi iliyopita anapofariki, ndugu wa upande mmoja wanataka sanda, wa upande mwingine wanataka jeneza na misa, na mwili unabaki mochwari. Barua ya mkono ya marehemu, iliyoshuhudiwa na kiongozi wa dini yake na jirani wa dini nyingine, ingemaliza mengi. Kamati inaweza kutoa fomu ya ukurasa mmoja.

Kwa majirani wa Kenya ipo picha moja inayofaa kukumbukwa, kwa sababu haikutokana na tamko. Tarehe 21 Desemba 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, katika kaunti hiyohiyo, wapiganaji wa kundi hilo waliwatenganisha abiria 28 wa basi jingine na wenzao Waislamu, wakawaua. Safari hii Waislamu walikataa kutenganishwa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio ya kujifunika, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu Mwislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki Nairobi Januari 2016. Kisa hicho kilizaa filamu fupi, Watu Wote, iliyoingia katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar za mwaka 2018. Abiria wale hawakuwa na muda wa kushauriana. Walichokifanya katika dakika zile walikuwa wamekwisha kukiamua zamani, kwenye stendi, madukani na madarasani, kila mmoja kwake.

Kwa hiyo ajenda ya kwanza ya kikao kijacho cha kamati ya wilaya, kile ambacho hakikuitwa na mkuu wa wilaya, inaweza kuwa machinjio ya wilaya hiyo: nani anachinja, alipatikanaje, analipwa na nani, na kuna mtu yeyote mwenye kinyongo. Waalikwe wachinjaji, mkaguzi wa nyama, wenye mabucha watatu au wanne, mchungaji wa kipentekoste ambaye hajawahi kuitwa, imamu wa msikiti ambao hauko chini ya BAKWATA, na wanawake wawili wa kamati ya msiba ya mtaa. Kikao kifanyike karibu na machinjio, si hotelini, na kianze baada ya kazi ya asubuhi kwisha. Ijumaa ni ya msikiti, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni ya makanisa mengine. Zimebaki siku nne za kuchagua.